Chombo cha Maua cha Mzee Mnali

Wajukuu zangu, na nyinyi vijana wengine mtakaosomewa haya, mkiniuliza nilifanya kazi gani enzi za Mwingereza huwa nawajibu "dukani," kwa sababu nikisema ukweli wote mnacheka kabla sijamaliza. Ukweli wenyewe ni huu: nilikuwa nikipindua vyombo vya maua na kuvitazama vitako. Nilikula kwa kazi hiyo, nikaoa kwa kazi hiyo. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo mtanivumilia nikieleza kama mtu anayezungumza barazani.

Duka lilikuwa la Bwana Remtula, Lindi mjini. Wadachi walipoondoka waliacha nyumba, na ndani ya nyumba waliacha vioo vya urembo vingi kuliko haja ya binadamu. Baadaye wakaja mameneja wa mashamba ya mkonge, nao kila mmoja ana mke, na kila mke ana kabati. Walipohamishwa, Bwana Remtula alinunua kabati na vilivyomo. Wateja wake walikuwa wazungu wengine, watu wenye harusi, na mabwana wachache wa Kilwa waliopenda kitu cha kung'aa. Wote walikuwa na swali moja: kimetengenezwa wapi, na nani?

Aliyejibu swali hilo alikuwa Mzee Mnali, mtu wa Milola. Ujanani alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa Mdachi mmoja, kazi yake kufuta vumbi kwenye vioo, na yule Mdachi hakuweza kumwona mtu ameshika kioo bila kumhadithia kilikozaliwa. "Nilijifunza kwa kukosa pa kukimbilia," Mzee Mnali alikuwa akisema.

Siku yangu ya kwanza alinipa chombo cha kijani chenye shingo ndefu.

"Kimetoka wapi hiki, Issa?"

Nikatazama mdomo, nikatazama maua yaliyochorwa ubavuni. Nikasema, "Ulaya."

"Ulaya kubwa. Na wewe ukiulizwa kwenu utajibu Afrika?" Akakipindua kichwa chini miguu juu. "Usoni kila mtu anajipamba. Hapa chini hakuna aliyejipamba. Tazama kitovu."

Kioo kinachopulizwa kwa pumzi ya mtu hushikwa kwa fimbo ya chuma upande wa kitako kikiwa bado moto. Fimbo ikibanduliwa, linabaki kovu. Hilo ndilo Mzee Mnali alikuwa akiliita kitovu. Kilichopulizwa na mtu kina kitovu. Kilichomiminwa katika mashine kina mshono ubavuni, utaupata kwa ukucha ukipitisha polepole. Kitovu kikiachwa kikali, kinachokwaruza kidole, ujue fundi alikuwa na haraka au kiwanda kilikuwa cha watu wa kawaida. Kikisagwa mpaka kikawa laini kama kijiko, ujue kiwanda kilijiheshimu, na watu wa Bohemia, nchi ya mafundi wa kioo huko Ulaya, walikuwa wakijiheshimu sana. Rangi usiitazame kwa kuelekeza kioo mbinguni, mbingu inapendezesha kila kitu. Weka kanzu nyeupe nyuma yake. Ukigonga mdomo kwa kucha, kioo kilichochanganywa na madini ya risasi hulia kirefu, cha kawaida hulia "tik" kikanyamaza. Na jina lililoandikwa chini liwe la mwisho kuliamini, maana jina huandikwa na yeyote mwenye mkono.

Tena alinifundisha kusema sijui. Alisema ni neno zito kulibeba, kwa hiyo nijizoeze mapema.

Nililizoea kwa shida. Siku moja zilifika habari kwamba Songo Mnara kuna chombo cha maua cha masultani waliojenga yale magofu. Bwana Remtula hakulala. Tukatumwa mimi na Mzee Mnali, tukavuka kwa mashua, Mzee akitapika njia nzima kwa adabu, yaani bila kulalamika. Tulipofika tulikaribishwa nyumbani kwa mzee mmoja, wakatandika mkeka, wakafukiza udi, ndipo wakaleta kitu kimeviringishwa kanga juu ya kanga. Wakafunua. Lilikuwa dude la kioo la kijani, mviringo kama boga, halina mdomo.

Mzee Mnali akalitazama kwa heshima. Akauliza, "Maua yanaingilia wapi?"

Wenyeji wakatazamana. Mwenye nyumba akasema, "Masultani walikuwa na watu wao wa kuyaingiza."

Mzee akaligeuza kutafuta kitako. Akaligeuza tena. Kila upande uliokuja juu ulifanana na ulioteremka. Nikaona jasho linamtoka mwalimu wangu kwa mara ya kwanza. Hatimaye kidole chake kikapata kipande kidogo kama kifungo, pale walipoziba kioo. Akashusha pumzi.

"Hili ni boya la nyavu, mzee mwenzangu. Limesukumwa na maji kutoka bahari ya mbali. Huenda Japani. Sijui."

"Basi ni la sultani wa Japani," mwenye nyumba akasema, akaanza kulifunga kanga zake. "Kuleni."

Tukala wali na samaki. Tulipoaga, akatuomba tusimwambie mtu. Mzee Mnali akajibu, "Hatutatangaza. Tukiulizwa tutasema." Ndivyo alivyokuwa.

Sasa niwaeleze chombo chake mwenyewe. Yule Mdachi alipokuwa anaondoka alimpa chombo cha maua cha buluu, buluu nzito, na ndani ya kioo mna weupe unaojizungusha kama moshi wa jikoni asubuhi. Mtu mwingine angekiweka juu ya kabati. Mzee Mnali alikinywea maji. Kilikaa nyuma ya duka, chini kwenye saruji, karibu na mtungi. Kwa kuwa shingo yake ilikuwa nyembamba, ilimbidi ainue kichwa juu kama kuku. Mama mmoja wa kizungu alimkuta hivyo, akaketi juu ya gunia la karafuu bila kuambiwa karibu.

Mimi nilitaka kukipindua nisome kitovu chake. Akanipiga kibao cha mkono. "Changu si cha kusomwa. Changu cha kunywea."

Miaka ikapita, na katika kabati la meneja mmoja wa mkonge tukakuta pacha wake. Buluu ileile, moshi uleule. Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Hicho cha pili alikipindua, akasema ni kazi ya mtu wa Bohemia, "au ya mtu aliyemwibia mtu wa Bohemia." Bwana Remtula akakataa kukiuza. Akakiweka katika kabati la kioo mbele ya duka, akakitilia maua ya karatasi.

"Mnali, tubadilishane," alikuwa akimtania. "Changu kisafi zaidi."

"Changu kimeuzoea mdomo wangu. Chako kitaniuliza wewe nani."

Basi Mzee Mnali akafa. Hapo sitasema mengi. Alikohoa msimu mmoja wa mvua, na asubuhi ya mwisho nilimnywesha dawa kwa chombo chake hichohicho. Tulimpeleka Milola. Bwana Remtula alifunga duka, na tuliporudi kutoka maziko alimkataza mtu yeyote kugusa vitu vya marehemu. Alivikusanya kwa mikono yake, mkeka, kanzu, kisu, na chombo cha buluu, akavipeleka kwa lori kwa mjane, Bi Somoe.

Ukoo wa Mzee Mnali una desturi yake. Baada ya arobaini, chombo alichokitumia marehemu kila siku huwekwa juu ya kaburi, lakini kwanza hutobolewa kitako. Wanasema chombo nacho kimfuate mwenyewe, na mwizi asipate faida. Kile kipande kilichotoka hutupwa nyuma ya bega, na anayetupa hageuki kutazama, kwa kuwa kilichokwenda hakikodolewi macho. Mwalimu wa madrasa pale Milola alisema mambo haya hayamo kitabuni. Wazee wakamjibu kwamba hata baiskeli yake haimo.

Siku si nyingi baada ya arobaini, Bi Somoe akaingia dukani na vumbi la safari miguuni. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Alikuwa anamtazama Bwana Remtula.

"Bwana Remtula, mume wangu ana kiu."

Bwana Remtula akaweka mizani chini. "Mama, Mnali ametangulia."

"Najua, nilimlilia mimi. Ana kiu hukohuko. Kila nikilala anakuja anakaa mlangoni. 'Somoe, nina kiu.' Namwambia, chombo chako si kipo kaburini? Anasema, 'Kile si changu. Mmeniwekea cha watu.' Silali, Bwana. Nimechoka kugombana na maiti."

Bwana Remtula akanyoosha kidole kabatini. "Cha watu kile pale. Changu hakijatoka."

"Una hakika?"

Akatazama tena kabatini. Kisha akasema taratibu, "Siku ile nilipokusanya vitu vyake, nilikitoa na changu nikakifuta vumbi. Niliviosha pamoja. Kwenye beseni moja."

Wote wawili wakanigeukia mimi. Sikuwa na mwalimu tena wa kumgeukia.

Nikatoa maua ya karatasi, nikapindua chombo cha kabatini. Kitovu kilikuwa kimesagwa laini. Ukingoni mwa kitako mlikuwa na michubuko mingi, kama ya kitu kilichowekwa na kuinuliwa juu ya saruji mwaka hata mwaka. Moyo wangu ukasema, ni chake. Lakini moyo si fundi. Pacha yule alitoka nyumba ya mkonge, na mimi sikujua huko walikuwa wakikiweka wapi. Bi Somoe alikuwa akinitazama kama mtu anayesubiri kuambiwa mgonjwa kapona. Ningesema ndiyo, angelala. Nikasema, "Mama, sijui. Nikione na cha kaburini, nitajua."

"Cha kaburini hakina kitako."

"Kitako kiko wapi?"

"Kwenye mihogo."

Tukapanda lori. Bwana Remtula alikaa mbele ya mizigo, chombo mapajani, amekiviringisha shuka jeupe na kukikinga jua kwa kiganja. Mama mmoja aliyepandia njiani na kuku wake akachungulia.

"Mtoto wa nani huyo?"

"Wa Mnali," Bwana Remtula akajibu.

"Mnali wa Milola? Si kafa?"

"Ndiyo maana tunampelekea."

Yule mama akahamia upande wa pili na kuku wake.

Aliyetoboa na kutupa alikuwa Mzee Chilumba, kaka mkubwa wa marehemu. Tulimkuta kwake, tukaamkia, tukaeleza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kitako nilikitupa."

"Ulikitupa wapi, mzee?" nikauliza.

"Nyuma."

"Nyuma sehemu gani?"

"Nitajuaje, mwanangu? Sikutazama. Ningetazama, ningekuwa nimeharibu shughuli."

Bi Somoe akamwambia, "Shemeji, simama ulipokuwa umesimama, utupe kitu kingine. Kitakapoangukia, tutatafuta hapo."

Mzee Chilumba akasema kaburini si mahali pa michezo. Akasema hivyo mara kadhaa, huku tayari ametuongoza mpaka kaburini kando ya shamba la mihogo, ukoo mzima nyuma yetu, naye anatafuta pa kusimama. Akapewa kipande cha muhogo kibichi. Akasema bismillahi, akafumba macho, akatupa nyuma ya bega. Muhogo ukampata mwalimu wa madrasa, aliyekuwa amekuja kutukataza.

"Hapohapo!" Mzee Chilumba akapiga kelele bila kugeuka. "Mwalimu, usisogee!"

Mwalimu akasimama kama mlingoti katikati ya mihogo, kichwa kinamuuma, na ukoo mzima ukainama kumzunguka. Nilikuwa sijajua kwamba watu wa ukoo ule wamekuwa wakitupa vitako katika shamba lile tangu zama za babu zao. Vitako vikaanza kuibuka kutoka ardhini. Kitako cha sahani. Kitako cha kikombe cha bati. Kitako cha birika.

"Acha hilo! La shangazi yangu hilo!" mwanamke mmoja akamkemea mumewe. "Lirudishe ulipolitoa!"

"Nilirudishe wapi? Nimeshasahau."

"Lilikuwa limelala kifudifudi?"

"Mke wangu, ni kitako. Kifudifudi chake ni kipi?"

Mzee mwingine alikuwa amekusanya vinne mkononi na hajui tena kipi ni cha nani, anaviomba radhi kimojakimoja. Bwana Remtula, mtu aliyekuwa haingii jikoni kwake bila viatu, alikuwa kapiga magoti kwenye matuta, shuka lenye chombo limefungwa shingoni kama mbeleko.

"Jamani," mwalimu akasema kwa sauti ndogo, "nimekanyaga kitu tangu mwanzo. Ila mliniambia nisisogee."

Akainua kiatu. Chini yake kulikuwa na duara la buluu.

Nikalifuta kwa pindo la kanzu. Kitovu kimesagwa laini, sawasawa na cha pili. Fundi wao alikuwa mmoja. Nikapitisha kidole ukingoni. Ulikuwa safi, unateleza, hauna hata mchubuko mmoja. Nikampa Bwana Remtula apitishe kidole, nikampa na Mzee Chilumba. Kisha nikasema:

"Mama, hiki kilikaa kabatini. Cha Mzee ni hiki kilicho kwenye shuka."

Bi Somoe akaketi chini palepale. "Si niliwaambia? Mtu anaweza kusahau jina la mkewe. Chombo chake cha maji hakisahau."

Bwana Remtula alikuwa ameshika shuka kwa mikono miwili. "Basi siku zote hizi nimemtilia Mnali maua ya karatasi kwenye maji yake," akasema. "Na kila nikifungua duka nilikuwa nakiambia habari. Kwamba mteja fulani kaja. Kwamba Issa kavunja kifuniko."

"Kilijibu?" Mzee Chilumba akauliza.

"Hapana."

"Kisingejibu. Kilikuwa na kiu."

Watu wakacheka, kisha wakaacha, kwa sababu Bwana Remtula hakucheka. Akasema hakuna kingine kama hicho pwani yote hii. Kimoja kimeshatobolewa, na hiki cha pili ndicho peke yake kilichobaki cha kumkumbuka rafiki yake. Akaomba aachiwe. Akaahidi kuleta jagi la fedha badala yake.

Bi Somoe hakumkasirikia. "Kichukue, Bwana Remtula. Mimi sikukatazi. Ila Mnali akija tena nitamwambia kilipo. Njia ya dukani anaijua."

Bwana Remtula akatafakari hilo. Akafungua fundo la shuka shingoni, akakitoa chombo, akakiweka mikononi mwa mjane.

Wakakijaza maji ya mtungi, wakayamimina yote juu ya kaburi, mpaka tone la mwisho. Kisha Bi Somoe akaokota jiwe, akampita Mzee Chilumba, akanipa mimi. "Wewe ndiye mtoto wake wa kazi."

Nikapiga. Kikatoka mara moja, kizima, duara lote likaniangukia kiganjani. Fahamuni, vijana, kwamba mkono wangu ulishapindua vyombo vya wazungu na vya mabwana, na hiki ndicho kitako pekee nilichowahi kukatazwa kukisoma, wala hapakuwa na mtu tena wa kunipiga kibao. Tayari nilishakisoma dukani, ndiyo, lakini wakati ule sikujua ni chake. Nikafumba ngumi. Nikakitupa nyuma.

Nilikisikia kikianguka kwenye majani. Bwana Remtula akageuza shingo kutazama, na Mzee Chilumba akamshika kidevu akamrudisha mbele, polepole, kama anavyogeuzwa mtoto wakati wa kunyolewa. Mwalimu alikuwa ameshainama zamani.

Vyombo viwili vya buluu vikabaki pale kaburini, kimoja cha mwenyewe na kimoja cha mgeni, kwa kuwa hakuna aliyejua desturi ya kukiondoa chombo kilichokwisha kutobolewa.

Siku hizi wanaofanya kazi hii wana vitabu vya alama na miwani ya kukuza, na ni vizuri, ningekuwa navyo ningevitumia. Lakini hata wao naona hukipindua chombo kwanza.

Wiki iliyofuata dereva wa lori la Milola akasimama mbele ya duka, hakuzima hata mashine. Akapiga kelele kutoka dirishani: "Bwana Remtula! Bi Somoe anakusalimu. Anasema kiu imekwisha kabisa. Sasa Mzee anadai ugoro!"

Watu waliokuwa barazani wakaangua kicheko. Bwana Remtula akafunga daftari lake, akachukua kofia msumarini.

"Issa, wewe ndiye uliyekaa naye. Alikuwa akitumia ugoro wa wapi?"

"Wa Kilangala," nikasema, na hilo nilikuwa nalijua.

"Basi twende tukautafute," akasema, akafunga duka.